Mali ya Bahati na Talaka Katika Nchi ya Wanyamwanga

Chitete, makao ya wilaya ya Momba katika mkoa wa Songwe, imo katika nchi ya Wanyamwanga, kabila ambalo mpaka wa Tunduma ulilikata mapande mawili, hawa wakawa watu wa Tanganyika na wale wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Na watu wa nchi hiyo, miaka mingi kabla ya kuuzwa tiketi ya kwanza ya bahati nasibu, walikwisha kukabiliwa na suali ambalo leo huletwa mbele ya mahakimu kwa sura mpya: mali aliyoipata mmoja wa wanandoa, mbali na macho ya mwenziwe na pasipo jasho lake la dhahiri, wakiachana ni ya nani?

Suali hilo liliingia pamoja na kazi za mbali. Dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, ilipoonekana katika miaka ya 1920 na kuvuta maelfu ya watu katika miaka ya 1930, na migodi ya shaba ya Rhodesia ilipoanza kudai mikono mingi, vijana walikwenda huko, wengine mwaka, wengine miaka kadha wa kadha, wakiwaachia wake zao mashamba ya ulezi, watoto wa kulea na wazee wa kuuguza. Mume aliporejea na baiskeli, mablanketi na fedha taslimu, mali ile ilihesabiwa kuwa yake. Na ndoa ikivunjika, wazee wa baraza aghalabu hawakuanza kwa kuuliza mke alichuma nini, bali mahari ilikuwa ng'ombe wangapi na wangapi warudi, kwa kuwa miongoni mwa watu wafuatao nasaba ya baba ng'ombe ndio waliokuwa fundo la ndoa. Kazi ya mwanamke haikuwa na mizani ya kuipimia. Nami naiona hiyo kuwa dhuluma, maana lau asingalikuwapo mtu wa kulipalilia shamba lile, yule kijana asingaliweza kukaa mgodini hata msimu mmoja.

Sheria ya mwaka 1963 iliziondoa mahakama za wenyeji, ikasimamisha Mahakama za Mwanzo. Na mwaka huo huo kanuni za mila za makabila ya nasaba ya baba zikatangazwa kwa maandishi. Lakini mageuzi makubwa yalikuja na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo yasema kwamba ndoa peke yake haimnyang'anyi mtu mali yake, na kwamba kitu kilichopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja hudhaniwa kuwa chake mpaka ithibitike vinginevyo. Kisha, katika kifungu cha 114, inaipa mahakama ivunjayo ndoa uwezo wa kugawanya mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, ikitazama mila ya jamii yao, mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni yaliyoingiwa kwa manufaa ya wote wawili, na mahitaji ya watoto, na baada ya kuyapima hayo yote ielekee kwenye usawa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1974, ikatungwa sheria ya bahati nasibu ya taifa. Sheria hizi mbili zilikaa chini ya dari moja, wala Sheria ya Ndoa haikuitaja bahati nasibu kwa jina.

Kwa miaka kumi na zaidi majaji walihitilafiana juu ya maneno hayo, juhudi za pamoja. Wapo waliosema kwamba kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke tu, na wapo waliosema kuwa ni mchango. Ugomvi huo ulikatwa mwaka 1983 na Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilipoamuliwa kwamba kazi ya nyumbani ni juhudi katika maana ya sheria. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwani mahakama iliona kwamba mtaji aliopewa na mumewe kwa biashara ya familia aliutumia ovyo, ikawa kama aliyekwisha kula fungu lake. Alishinda hoja, akaikosa nyumba. Na wanawake wengi waliomfuata wamekula matunda ya shauri ambalo yeye halikumlisha.

Sasa tuirejeze hukumu hiyo kwenye tiketi. Atakayetetea kwamba ushindi ni wake peke yake atasema kwamba kubahatisha si kazi, na kwamba hakuna juhudi, ya mmoja wala ya wawili, iliyoiita namba ile itoke. Hoja hiyo si dhaifu. Lakini mahakama haikosi la kuuliza: fedha iliyonunua tiketi ilitoka wapi, na ushindi ulipokwisha kupokewa ulifanywa nini? Fedha ya tiketi katika vijiji vya Momba ni fedha ya ufuta au ya mahindi, mazao yaliyopaliliwa na watu wawili. Na ushindi haukai ukawa noti. Hugeuka tofali za kuchoma, bati, ng'ombe, labda mashine ya kusaga. Hapo mwanamke husimama mbele ya hakimu, akiwa na hati ya baraza la usuluhishi kwamba kupatanisha kumeshindikana, akaeleza kwamba maji ya kufyatulia tofali aliyateka yeye, kwamba mafundi walikula chakula chake, kwamba ng'ombe walipougua ni yeye aliyekesha. Ushahidi huo ni wa kazi, na kazi imetajwa katika kifungu.

Njia hii si ngeni kwa mahakama za mbali. Huko Uingereza, mwaka 2011, Mahakama Kuu ilisikiliza shauri la mke aliyeshinda pauni 500,000 kwa tiketi alizozinunua pamoja na rafiki yake, mume asijue. Jaji alisema ushindi ule haukuwa mali ya ndoa. Lakini sehemu iliyonunua nyumba waliyoishi wote wawili ilibadilika hali, na mume akapewa pauni 85,000.

Katika miaka hii shida imekuwa nyingine, kwa kuwa mkeka wa kubashiri mechi hubetiwa kwenye simu na ushindi huingia katika namba ya mtu mmoja, ukatoka usiku ule ule, usiache hata bati moja la kuonyesha. Dhana ya jina humkinga mwenye simu, na mzigo wa kuthibitisha humwangukia asiyekuwa nayo. Hata hivyo tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kumbukumbu za namna hiyo hupokelewa kuwa ushahidi, na mke au mume anayedai haki yake Chitete hana budi kuiomba mahakama, mapema wakati shauri lingali likisikilizwa, iamuru taarifa ya miamala iletwe, kabla mwenziwe hajadai kwamba fedha ile haikupata kuwako.