Sanamu na Handaki: Kusoma Bustani ya Bomarzo na Ngome ya Chetambe

Mhakiki aliyezoea kusoma vitabu huenda akastaajabu akiambiwa kwamba mahali nako ni matini. Hata hivyo, kuna mahali palipobuniwa ili pasomwe kwa miguu. Mfano mashuhuri ni bustani ya Bomarzo, kaskazini mwa Roma, ambayo mwinyi na askari Vicino Orsini aliianza katikati ya karne ya 16, katika enzi ya Renesansi. Humo majabali yalichongwa papo hapo yalipokuwa, yakawa majitu, joka, kobe, na ndovu anayemkaba askari kwa mkonga. Mgeni hutoka sanamu hii akaenda ile, akisoma maandishi yaliyochorwa juu ya mawe, na katika kinywa cha zimwi husikia mwangwi wa jahanamu ya Dante.

Swali linalozuka ni hili: jamii isiyochonga majabali huandika wapi historia yake? Jibu mojawapo lipo Bungoma, si mbali na Lugulu, katika vilima vya Chetambe vinavyoutazama mji wa Webuye. Mgeni anayepanda huko hakuti sanamu yoyote. Akutacho ni mabaki ya handaki lililoizunguka ngome ya udongo. Mnamo 1895, sehemu hiyo ilipokuwa ingali chini ya Himaya ya Uganda, Wabukusu walioshindwa Lumboka walijihami humo dhidi ya jeshi la Charles Hobley, lililosaidiwa na wapiganaji wa Kiganda na wa Mumia wa Wanga. Ngome ilianguka, na watu wengi wakauawa.

Tukio hilo lina matini mbili zinazopingana. Ya kwanza ni kumbukumbu za Hobley, zilizochapishwa 1929. Humo vita vinaelezwa kwa jicho la mtawala, kama hatua katika safari ya kusimamisha dola. Ya pili ni masimulizi ya Wabukusu na Watachoni, ambamo tukio lilo hilo ni msiba. Jina lenyewe la mahali ni sehemu ya matini hiyo, kwani hutajwa kuwa la Mtachoni aliyeitwa Chetambe. Kila anayelitamka huanza kusimulia, ajue asijue.

Uzito wa matini hii ya pili ulidhihirika 1947, Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, alipowaongoza wafuasi wake hadi Chetambe kuwaenzi waliouawa 1895. Siku hiyo handaki liligeuka jukwaa, na wazee waliokufa wakawa mashahidi katika madai ya kutaka wageni waondoke. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni iliipiga marufuku dini hiyo, na Masinde akakamatwa, kisha akapelekwa Lamu kifungoni. Yamkini serikali ilikuwa imeisoma matini ya Chetambe vyema kuliko wahakiki wengi waliofuata.

Ulinganishi huu unafunza jambo. Bomarzo ilitelekezwa kwa muda mrefu hata ikamezwa na magugu, na ukarabati wake ulianza katika karne ya 20. Sanamu zilisalia, lakini wataalamu wangali wanabishana kuhusu maana zake na njia ambayo mgeni alikusudiwa kuifuata. Umbo lilidumu, maana ikapotea. Chetambe mambo ni kinyume: umbo limemomonyoka, maana ikadumu, kwa kuwa palikuwa na fanani wa kusimulia na hadhira ya kumwitikia.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba simulizi ni salama kuliko jiwe. Jiwe likinyamaza husubiri msomaji mwingine. Fanani akifa bila mrithi, hana wa kumsubiri. Vilevile simulizi huchagua: Mbukusu na Mtachoni hawatasimulia ngome hiyo kwa namna moja, na tofauti hizo ni sehemu ya historia yenyewe. Kwa hiyo, kusimamisha sanamu peke yake kilimani hakutatosha. Sanamu ingeweza hata kulifunga simulizi katika sura moja, na kuwanyamazisha wengine wenye haki ya kusema.

Kazi ya mhakiki basi ni kulisoma handaki pamoja na masimulizi yake yote, na kuyahifadhi yakiwa na mikinzano yake. Asipofanya hivyo, atakayepanda Chetambe kesho ataona shimo lililoota nyasi, na kitabu cha Hobley ndicho kitakachobaki kumweleza ni la nini.