Kabla ya kumwaga zege, tusikilize vigae

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Mtwapa. "Mjomba, njoo uone ploti, tumeanza msingi." Yeye na wenzake wamechukua mkopo wajenge nyumba za kupangisha. Nilipofika, vijana wa mjengo walikuwa wamechimba mtaro wa futi nne hivi na kurundika udongo kando. Nikauchakura kwa mkongojo wangu. Vikatoka vigae vya vyungu, maganda ya kombe na kipande cha kaure ya kijani.

"Hivyo ni vigae tu, Mjomba," akasema.

Neno hilo "tu" lilininyima usingizi. Hoja yangu leo ni kwamba, pasipo vigae hivyo, sisi tunaofundisha Kiswahili tungekuwa bado tunabishana gizani.

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba miji ya pwani ilianzishwa na wageni kutoka Uarabuni na Uajemi. James Kirkman alichimba Gede kuanzia 1948, na Neville Chittick akachimba Manda katika miaka ya 1960. Kazi yao ni kubwa na tunaiheshimu. Hata hivyo, macho yao yalivutwa mno na kuta za mawe na bidhaa zilizoletwa na majahazi. Fikra hiyo ilikiponza Kiswahili pia. Kikaitwa lugha ya mchanganyiko, kana kwamba hakina mama.

Katika miaka ya 1980, Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate. Chini ya msikiti wa mawe alikuta misikiti mingine iliyotangulia, ya kale zaidi ikiwa midogo na ya miti. Tabaka za chini kabisa, za karne ya 8, zilijaa vyungu vilivyofinyangwa papa hapa. Mji haukushuka na jahazi ukiwa tayari. Ulikua polepole, kutoka nyumba za udongo hadi za mawe. Mnamo 1985, Derek Nurse na Thomas Spear walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu, ndugu wa Kipokomo, Kimijikenda na Kikomoro. Mwanaisimu na mwanaakiolojia walikuwa wameanza safari mbali mbali, wakakutana njiani.

Mombasa nako kuna funzo. Mnamo 1976, Hamo Sassoon alichimba katika uwanja wa hospitali kuu ya Pwani akapata mabaki ya mji uliokuwapo karne kadhaa kabla ya Wareno kuanza kujenga Fort Jesus mnamo 1593. Wazee wa Mombasa walikuwa wakimsimulia Mwana Mkisi aliyetawala kabla ya Shehe Mvita. Huenda wasomi wengi walizichukulia kuwa hadithi tu. Ona tena hilo "tu"!

Sasa, uchimbaji wa majaribio ni nini? Si kuufukua uwanja mzima. Wataalamu huchimba mashimo machache, mengi ya mita moja au mbili, katika sehemu mbalimbali za ploti. Huteremka tabaka baada ya tabaka, wakichekecha udongo na kuandika kila kitu kilitoka kina gani, hadi wafikie udongo usio na alama ya binadamu. Wasipokuta kitu, mwenye ploti anaendelea na mjengo wake. Wakikuta, ramani ya nyumba yaweza kusogezwa au pakachimbwa kwa kina kwanza.

Siri yote imo katika tabaka. Kigae kilicho mahali pake ni shahidi. Kikishatupwa kwenye rundo ni bubu. Vile nilivyookota Mtwapa sikuweza kuvirudisha mahali pake.

Sheria tunazo. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale atoe taarifa kwa Makavazi ya Taifa ndani ya siku 7. Ile ya mazingira ya 1999 inadai tathmini kabla ya miradi mikubwa. Lakini nani anamwambia fundi wa kibarua?

Nilimwomba mpwa wangu asimamishe kazi na kutoa taarifa. "Mjomba, riba ya benki haisimami," akanijibu. Sikuwa na jibu la haraka, maana hakukosea. Anayejenga kwa mkopo hawezi kubeba peke yake gharama ya historia ya taifa zima. Kaunti zetu za pwani zitenge fedha za uchimbaji huu, na ufanyike kabla ya idhini ya ujenzi kutolewa, si baada ya saruji kufika.

Hatimaye alipiga simu. Upande mmoja wa ploti bado haujaguswa, na vijana wamehamia upande wa pili. Vile vigae amevitia ndani ya karatasi, akisubiri wenyewe waje.