Kabila la Ng'ombe: Hayawani katika Habari za Redio za Fizi na Baraka

Mwenye kusikiliza habari zitangazwazo kwa Kiswahili huko Baraka na Fizi, mashariki mwa Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, atatambua kwamba hayawani hawaingii katika taarifa ila kwa milango michache: ndagala na mikebuka huingia kwa bei yao sokoni, mamba na kiboko huingia siku wanapoua mtu, bali ng'ombe, anayetajwa kuliko wote, huingia kwa idadi na kwa kabila.

Maneno yangu ni juu ya huyu wa mwisho. Kiangazi kikifika na malisho yakakauka, wachungaji huyafuata majani ya Ngandja na kwingineko katika Fizi, na makundi yakikanyaga muhogo wa mkulima, ugomvi ambao wazee wangeweza kuukata kwa fidia hufika redioni ukiwa ugomvi wa makabila ya Babembe na Banyamulenge. Na tangu vita vya nyanda za juu za Minembwe vipambe moto mwaka 2017, uporaji wa mifugo ukawa silaha, imekuwa ada kusema "ng'ombe wa Banyamulenge", ijapokuwa katika kundi moja huweza kuwamo wanyama wa Mbembe na wa Mfuliru waliokabidhiwa mchungaji Mnyamulenge.

Taksiri iko hapa. Mtangazaji, pasipo kukusudia shari, akimpa mnyama kabila humfanya shabaha, na ampigaye panga huhesabiwa kuwa amewalipizia kisasi watu wake, wala hahesabiwi kuwa amemtesa kiumbe na kuwanyima watoto maziwa. Tena husemwa kwamba ng'ombe "wamechinjwa", ilhali kuchinja, kwa aliyelelewa katika Kiswahili, kuna kisu kikali, mkono wa ajuaye, na jina la Mungu. Mnyama aliyekatwa mguu kwa panga akaachwa malishoni, ndama wake akimzunguka na kutafuta chuchu, hakuchinjwa. Ameteswa, na taarifa na iseme hivyo.

Wako watakaojibu kwamba, wanadamu wakiwa wanauawa na kuhama makwao, kumhurumia ng'ombe ni anasa. Hoja hii ina uzito. Lakini jirani zetu wa Rwanda waliona mwaka 1994 redio ya RTLM ikiwaita Watutsi mende, na tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ikawatia hatiani waasisi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Lugha imfanyayo mnyama kuwa kabila ni jamaa ya lugha ilifanyayo kabila kuwa wanyama, maana zote mbili humficha aliye hai zikasimamisha jina mahali pake.

Basi nawasihi wahariri wa Baraka, Fizi na Uvira waseme ng'ombe walikuwa wangapi, wapi, walitendwa nini, na nani aliyetenda iwapo yajulikana. Na kabila la mwenye kundi waliache nje ya habari, isipokuwa pale ambapo kisa hakifahamiki bila yake.