Umeme ukikatika, nani anazungumza na nani? Historia ya nyaya za Inga hadi Kolwezi

Umeme unapokatika Kolwezi, watu huuliza maswali mawili. La kwanza: umekwenda wapi? La pili: utarudi lini? Kwa swali la kwanza majibu hayakosekani: ni delestaji, kabine imeungua, kuna hitilafu huko mbali. Swali la pili hubaki hewani. Wengi hudhani hayo ni mambo mawili tofauti, upungufu wa umeme na ukosefu wa habari. Historia ya umeme katika Lualaba inaonyesha kwamba mambo hayo yamefungamana. Shirika haliwezi kuongoza nguvu kama watu na mitambo yake hawapashani habari.

Katanga ilianza kupata umeme wa maji mapema. Bwawa la Mwadingusha, ambalo wazee walilijua kwa jina la Francqui, lilianza kazi mwaka 1930. Koni ilifuata mwaka 1950. Kisha, kwenye mto Lualaba karibu na Kolwezi, ikaja Nzilo mwaka 1952 na Nseke mwaka 1956. Mitambo hiyo yote ilijengwa kwa ajili ya migodi na viwanda vya shaba. Raia wa mjini walipata kilichobaki.

Mabwawa yalipokuwa machache, mfanyakazi wa kila bwawa aliweza kutazama saa zake na kupima maji yake bila kumuuliza mtu. Mambo yalibadilika yalipounganishwa pamoja. Mwaka 1956 njia ya volti 220,000 ilitoka Nseke ikavuka mpaka mpaka Kitwe, katika nchi inayoitwa leo Zambia, kupeleka umeme kwenye migodi ya huko. Tangu siku hiyo, mtambo ukisimama Lualaba, taa zinaweza kucheza ng'ambo ya mpaka. Watu wa pande mbili walilazimika kusikilizana kila saa: unatoa kiasi gani, unachukua kiasi gani, nani anafunga njia ili mafundi wapande pilone bila kuuawa.

Walizungumzaje? Mafundi wa umeme wa zama hizo, duniani kote, walikuwa na ujanja mmoja. Waliutumia waya wa umeme wenyewe kubeba sauti. Umeme wa kawaida hutikisika mara 50 kwa sekunde. Sauti ikipandishwa kwenye mawimbi yanayotikisika maelfu mengi ya mara kwa sekunde, mawili hayo husafiri kwenye waya mmoja bila kugongana, kama vile redio mbili zinavyotumia hewa moja kila moja kwa masafa yake. Anayepita karibu na kituo kikubwa cha umeme anaweza kuona kitu kama pipa lililofungwa kwenye waya juu. Ndani yake kuna waya uliozungushwa. Kazi yake ni kuzuia mawimbi ya sauti yasipotelee kwenye mitambo, huku umeme ukipita bila shida.

Kisenge, zaidi ya kilomita 200 magharibi ya Kolwezi, iliishi kwa njia nyingine. Manganezi yake ilitegemea reli iliyofika Dilolo na kuungana na ile ya Benguela mwaka 1931, hadi bandari ya Lobito. Habari pia zilisafiri pamoja na treni: barua, magazeti na maneno ya wasafiri. Mwaka 1975 vita vya Angola viliifunga njia ya Benguela, na manganezi ikakosa pa kutokea. Mnamo Machi 1977 wapiganaji wa FNLC waliingia kutoka Angola wakashika Dilolo, Kisenge na Kasaji, hata wakafika Mutshatsha. Jeshi la Zaire liliporudi, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Angola. Katika siku kama hizo, familia zilizotawanyika hutafutana kwa foni za misheni, kwa redio na kwa ujumbe wa mdomo. Kuikosa habari ya ndugu ni njaa ya pekee, na wale walioishi porini wanaijua.

Wakati huohuo, kazi kubwa ilikuwa ikiendelea juu ya vichwa vya watu. Mwaka 1970 serikali ilianzisha SNEL, ambayo baadaye ilichukua mitambo ya makampuni ya zamani. Mwaka 1972 mtambo wa kwanza wa Inga, Inga I, ulianza kutoa umeme kwenye mto Kongo. Serikali ya Mobutu ikaamua kuuleta umeme wa Inga hadi Kolwezi, umbali wa kilomita 1,700 hivi. Wapo waliosema ingekuwa nafuu kujenga bwawa lingine hapahapa kwenye Lualaba, kule Busanga. Lakini Katanga ilikuwa imejitenga mwaka 1960 hadi 1963, na wachunguzi wengi wanaona kwamba Kinshasa ilitaka swichi ya migodi ibaki upande wake.

Ujenzi ulianza mwaka 1973 ukamalizika mwaka 1982. Kampuni ya Morrison-Knudsen ya Marekani ilisimamisha pilone. ASEA ya Uswidi ilileta mitambo ya kubadilisha umeme. Mnamo Mei 1978 vita viliingia Kolwezi penyewe, na wafanyakazi wa kigeni wa njia hiyo wakaondolewa haraka. Ilipokwisha, ilikuwa njia ndefu kuliko zote za aina yake duniani, yenye uwezo wa megawati 560. Lakini bei ya shaba ilikuwa imeshuka na migodi haikukua kama ilivyotarajiwa. Kwa miaka mingi njia hiyo ilibeba umeme chini sana ya uwezo wake, huku deni lake likibaki kwa nchi nzima.

Njia ya Inga haifanani na zile za mjini. Umeme wake hausukwi huku na huku, huenda upande mmoja tu kama maji kwenye bomba. Inga huubadilisha ili usafiri mbali bila kupotea sana; Kolwezi huurudisha katika hali ya kawaida. Vituo hivyo viwili ni kama watu wawili waliobeba gogo moja begani. Wa mbele akiongeza mwendo bila kumwambia wa nyuma, gogo linaanguka. Kwa hiyo kila badiliko la kiasi cha umeme lazima lipatanwe kati ya pande mbili. Mawasiliano yakikatika, kazi inaweza kuendelea, lakini kwa woga: kiwango kinashikiliwa palepale, na kukibadilisha kunahitaji uangalifu mkubwa.

Kati ya ncha hizo mbili, waliopanga njia hiyo hawakumwona mtu. Nyaya zilipita Bandundu na Kasai bila kuacha hata taa moja. Sababu si roho mbaya peke yake. Kuchota umeme wa namna ile katikati ya njia kunahitaji kituo kizima cha kubadilisha, na hicho ni ghali mno kwa kijiji au hata kwa mji mdogo. Familia zilizofukuzwa Kolwezi na Likasi mwaka 1992 na 1993, zikalala kwenye vituo vya treni kabla ya kufika Kasai, zilikwenda kuishi katika eneo ambalo umeme wa mji waliouacha ulipita juu angani bila kushuka.

Njia ilipozeeka, matatizo yalizidi. Vipuri vilikosekana. Vyuma vya pilone vilifunguliwa usiku vikageuzwa kuwa vitanda na mikokoteni. Mwaka 2003 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa soko la umeme la kusini mwa Afrika, na ukarabati wa njia ya Inga, Kolwezi hadi Kasumbalesa ukawa sehemu yake. Tangu hapo, neno moja limeingia katika kila mpango: nyuzi za kioo, yaani fibre optique.

Uzi wa kioo ni mwembamba kama unywele, na hubeba habari kwa mwanga. Juu kabisa ya pilone kuna waya usiobeba umeme, ambao kazi yake ni kupokea radi. Nyuzi za kioo hufichwa ndani ya waya huo. Mwanga huruka kilomita 1,700 kwa chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Tena kioo si shaba: anayekikata hapati cha kuuza.

Basi kupanga mawasiliano ya shirika la umeme leo kunahitaji nini? Kwanza, kuhesabu wanaohitaji kuzungumza na haraka ya kila mmoja. Mitambo ya ulinzi haiwezi kungoja. Waya ukianguka, lazima ukatwe karibu ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Wanaoongoza mtandao wanahitaji kuona mabwawa na vituo kila baada ya sekunde chache. Fundi aliye porini anahitaji sauti. Pili, kila ujumbe muhimu uwe na njia mbili, ili moja ikikatika nyingine ifanye kazi; mahali pa mbali setilaiti inaweza kuwa ya akiba. Tatu, mawasiliano yawe na betri zake, kwa sababu giza linapoingia ndipo watu wanapohitaji zaidi kusemezana.

Hitaji la nne ndilo lililosahauliwa tangu mwaka 1930: mteja, na raia asiye mteja bado. Hapa historia inatoa somo la pekee. Umeme wa Inga ni vigumu kuuchota njiani, lakini habari si vigumu. Uzi wa kioo unaweza kufunguliwa kwenye kituo chochote kidogo, ukapeleka simu na intaneti kwa hospitali, shule na redio ya eneo, kwa gharama ndogo sana ikilinganishwa na kituo cha kubadilisha umeme. Nyuzi ndani ya waya mmoja huwa nyingi, na shirika halizimalizi zote. Kwa hiyo mji ulioambiwa kwa miaka 40 kwamba umeme hauwezi kushuka hapo, usikubali kuambiwa hivyo juu ya habari.

Kisenge haiko chini ya nyaya za Inga. Iko upande wa reli, na reli ya Lobito inazungumzwa tena kila siku. Reli, bwawa au mgodi unapopangwa, mawasiliano hupangwa pamoja nao, na huo ndio wakati wa kuuliza. Tangu sheria ya migodi iliporekebishwa mwaka 2018, kampuni hulazimika kuandikiana na jamii cahier des charges. Watu hudai humo barabara, visima na shule, na ni haki yao. Mstari mmoja unaweza kuongezwa: nyuzi zitakazopita zitashuka wapi, nani ataruhusiwa kuzitumia, na umeme ukikatika nani atawaambia wananchi, kwa lugha gani, na baada ya muda gani. Mpango ukishatiwa sahihi bila maneno hayo, kuyaongeza baadaye kunaweza kuchukua miaka mingine 40.