Santuri ya "Ngali"

Katika miaka yangu ya ualimu hakuna somo la sarufi lililonisumbua kama lile la viambishi -nge- na -ngali-. Wanafunzi huvichanganya, na hata sisi walimu, tukikaa barazani, twavichanganya. Ubaoni nilikuwa nikiandika hivi: "Angekuja tungekula." Hapo mlango uko wazi, huenda mgeni akaja. Kisha chini yake: "Angalikuja tungalikula." Hapo mlango umefungwa, moto umezimika, na mgeni hakuja. Sentensi ya kwanza ni ya mwenye matumaini. Ya pili ni ya mwanahistoria, au ya mwenye majuto.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mjukuu wangu. Likizo iliyopita alinijia na karatasi yenye orodha ya nyimbo kumi na nne, akasema, "Babu, hii ndiyo santuri ya mwisho ya Beatles, ile ambayo hawakuitoa." Kumbe mchezo huu unachezwa na watu wengi duniani. Wapenzi wa bendi hiyo ya Liverpool huchukua nyimbo ambazo wale vijana wanne walizitoa kila mtu kivyake baada ya kuachana mwaka 1970, wakazipanga kana kwamba bendi haikuvunjika. Nilimwuliza, "Je, santuri yako ni ya -nge- au ya -ngali-?" Alicheka, akadhani babu amerudi darasani. Sikumjibu vizuri siku ile. Najaribu kumjibu hapa.

Beatles si wageni kwangu. Mwaka 1971 nilikuwa chuo cha ualimu, na mkufunzi wetu mmoja, kijana wa Kiingereza, alikuwa na gramafoni ya betri. Jumamosi jioni alituruhusu marafiki wanne tukae sebuleni kwake tusikilize. Tuliipenda zaidi santuri ya Abbey Road, iliyotolewa Septemba 1969. Tulikuwa tukibishana ni nani kati yao aliye hodari kuliko wenzake, nasi hatukujua kwamba bendi yenyewe ilikuwa imekwisha kufa.

Sasa tuitazame historia. Mwezi huo huo wa Septemba 1969, John Lennon, Paul McCartney na George Harrison walikutana London kuzungumzia kazi zao za mbele. Ringo Starr alikuwa mgonjwa, kwa hiyo waliwasha kinasa sauti ili naye apate kusikia. Katika ukanda ule Lennon alitoa pendekezo: santuri ijayo iwe na nyimbo nne zake, nne za McCartney, nne za Harrison, na mbili za Ringo akizitaka. Hesabu yake ni kumi na nne, sawasawa na orodha ya mjukuu wangu. Basi santuri hii haikuzuliwa na wapenzi wa muziki peke yao. Kwa siku chache ilikuwa jambo la -nge-. Lakini kabla mwezi haujaisha, Lennon huyo huyo aliwaambia wenzake kwamba anaondoka. Aprili 1970 habari zikaenea ulimwenguni, na tarehe 31 Desemba mwaka huo McCartney akafungua kesi katika Mahakama Kuu ya London ili ushirika wao uvunjwe kisheria. Hapo -nge- ikageuka -ngali-.

Mtu anayetaka kuijenga santuri hiyo leo ana njia mbili, na hapo ndipo ualimu wa historia unapoingia.

Njia ya kwanza ni ya matamanio. Unachagua zilizo bora kuliko zote. Unaweka "Maybe I'm Amazed" ya McCartney, unaweka "Mother" ya Lennon, unaweka "My Sweet Lord" ya Harrison. Inakuwa karamu kweli kweli! Lakini uliza kila wimbo umetoka wapi. McCartney alimtungia mkewe "Maybe I'm Amazed" katika siku zile zile za kuvunjika, akapiga ala zote kwa mikono yake mwenyewe. Lennon aliitunga "Mother" mwaka 1970 baada ya kupata matibabu ya nafsi, akiwa amekwisha kujitenga na wenzake, na katika santuri hiyo hiyo mna wimbo mwingine ambamo anasema waziwazi kwamba haiamini tena Beatles. Nyimbo hizo ni matunda ya kuachana. Huwezi kuufuta ugomvi ukabaki na nyimbo zilizozaliwa na ugomvi. Ni kama kusema, "Mvua isingalinyesha, tungalivuna mpunga huu huu."

Njia ya pili ni ya ushahidi. Unachagua zile tu ambazo twajua zilikuwapo bendi ilipokuwa hai. Nazo si chache. "Jealous Guy" ya Lennon, iliyotolewa 1971, ina sauti ya wimbo wake wa mwaka 1968 wenye maneno mengine. "Junk" ya McCartney ni ya mwaka huo huo wa 1968, na "Another Day" aliipiga mbele ya wenzake Januari 1969. Harrison naye aliwaletea "All Things Must Pass" mwezi ule ule. Wakaupiga mara kadhaa, kisha wakauacha.

Ndugu msomaji, nakuomba tusimame kidogo hapa kwa Harrison. Kwa miaka mingi alipewa nafasi ya nyimbo mbili au tatu katika santuri moja, kwani Lennon na McCartney ndio waliokuwa wenye nyumba. Alipotoka, mwezi Novemba 1970, alitoa kasha lenye santuri tatu, na jina lake ni lile la wimbo ulioachwa. Nyimbo zote zile zilikuwa zimejaa ndani ya mtu mmoja aliyekuwa akiambiwa angoje. Sasa mjukuu wangu anampa ngapi? Nne. Lennon naye alimpa nne. Mpenzi wa muziki anayeiunganisha bendi kwa upendo analazimika kumrudisha Harrison kwenye foleni.

Hapo nikaacha kumwaza Harrison, nikamwaza mwenzangu.

Wale wanne tuliosikiliza gramafoni tuliagana, siku ya kumaliza chuo, kwamba tutaandika kitabu cha historia ya wilaya yetu kutoka vinywani mwa wazee. Tuliandika kweli, usiku, kwa taa ya chemli, kila mmoja kutoka shule aliyopangiwa. Mimi ndiye niliyekuwa mkusanyaji. Mwaka 1976 mwenzetu mmoja aliniletea sura yake, na zaidi ya nusu ilikuwa maneno ya bibi wazee juu ya njaa: jina la kila njaa, walikula mizizi gani, nani alizaliwa mwaka ule. Niliikata kwa kalamu nyekundu. Pembeni niliandika, "Haya ni maneno ya jikoni, si historia." Sikumwuliza. Alikuja kwa baiskeli, akazichukua karatasi zake zote, akanywa maji, akaaga. Kitabu kilikufia hapo. Wawili waliobaki walikata tamaa, na mimi nikajiambia kwamba yeye ni mtu wa hasira.

Alifariki miaka michache iliyopita. Baada ya matanga kijana wake aliniletea madaftari saba, akisema, "Shikamoo, mzee. Baba alisema wewe utayajua." Niliyasoma kwa siku nne. Hakuacha zile njaa. Alizifuata kijiji kwa kijiji. Kwa kila njaa aliandika watoto waliozaliwa ndani yake, kisha akatafuta vyeti vya ubatizo na vya shule vya watoto hao, mpaka akaipatia kila njaa mwaka wake. Sisi wengine tulikuwa tumeandika "hapo zamani". Yeye alikuwa na tarehe.

Wazo langu la kwanza lilikuwa lile lile la mjukuu. Nikasema, nitachukua sura zangu, na za wale wawili, na madaftari haya, nikiunganishe kitabu chetu kama kilivyopasa kuwa. Niliandika hata yaliyomo: sura nne za huyu, nne za yule. Nilipofika kwake nikagundua kwamba nami nampa nne. Tena, laiti tungalibaki pamoja, madaftari haya yasingalikuwapo. Mkusanyaji ningalikuwa mimi, na kalamu nyekundu ningalikuwa nayo bado.

Sisemi kwamba kuachana ni kuzuri. Mwaka 1980 Lennon aliuawa New York, na kuanzia hapo hata sulhu yao yote ikawa ya -ngali-. Waliobaki walitwaa kanda zake za zamani, wakaongeza sauti zao, wakatoa nyimbo mwaka 1995 na 1996, na wa mwisho mwaka 2023, Harrison naye akiwa amekwisha kufariki tangu 2001. Nilipousikia wimbo huo wa 2023 kwa mjukuu wangu nilinyamaza muda mrefu. Watu wazima hawa walikuwa wakizungumza na mwenzao asiyeweza kuwajibu, na hilo mimi nalielewa.

Orodha ya mjukuu nimemrudishia, nikamwambia ni nzuri, ila aandike mbele ya kila wimbo mwaka uliotungwa, aone utabaki upande gani.

Na yale madaftari saba nimeyapeleka mjini kwa mpiga chapa. Yatatoka peke yao, kwa jina la mwenyewe. Mwanzoni nimeweka ile sura ya mwaka 1976, ambayo aliitunza pamoja na madaftari. Nimeiacha nzima, na maneno yangu mekundu pembeni nimeomba yachapwe pia.