Manowari na Majahazi ya Watumwa: Funzo kutoka Zanzibar

Biashara haramu ya binadamu inapotajwa, wengi wetu huwafikiria askari mipakani na boti za doria baharini. Je, nguvu za silaha pekee zatosha kuikomesha? Historia ya Zanzibar, katika nchi jirani ya Tanzania, ina jibu.

Katika karne ya 19, Jeshi la Majini la Uingereza lilituma manowari kuyasaka majahazi yaliyosafirisha watumwa kutoka Kilwa kwenda Uarabuni. Hata hivyo, sheria yenyewe ilikuwa na mwanya. Mkataba wa 1845 baina ya Uingereza na Sayyid Said ulikataza watumwa kutolewa nje ya milki zake za Afrika Mashariki, lakini uliruhusu wasafirishwe ndani ya milki hizo, tangu Kilwa hadi Lamu. Kwa hiyo nahodha aliyepakia watu Kilwa aliweza kudai kwamba anakwenda Unguja, kisha akatweka tanga na kufuata upepo wa kusi hadi Uarabuni.

Mwaka 1873 mwanya huo ulizibwa. Sayyid Barghash alikataa kwanza matakwa ya mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere. Baadaye John Kirk, mwakilishi wa Uingereza kisiwani, alimtishia kwamba manowari zingeizingira Zanzibar. Tarehe 5 Juni Barghash alitia saini mkataba: usafirishaji wa watumwa baharini ulikatazwa kabisa na soko la watumwa likafungwa.

Wafanyabiashara hawakukata tamaa. Waliwatembeza mateka kwa miguu kandokando ya pwani, hata Barghash akalazimika kuipiga marufuku misafara hiyo mwaka 1876. Baharini, baadhi ya majahazi yalipandisha bendera ya Ufaransa ili yasipekuliwe. Desemba 1881, Kapteni Charles Brownrigg wa manowari HMS London aliuawa karibu na Pemba alipolikaribia jahazi lenye bendera hiyo.

Na waliookolewa je? Wengi hawakuyaona tena makwao. Walipelekwa Shelisheli, Aden na Bombay. Wengine walipata makao Freretown, karibu na Mombasa. Huko Shelisheli wengi waliishia kuwa vibarua wa mashambani kwa mikataba. Zanzibar kwenyewe, hadhi ya kisheria ya utumwa haikufutwa hadi 1897. Muda wote huo mnunuzi alikuwapo, na penye mnunuzi muuzaji hakosekani.

Leo Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 dhidi ya biashara hii, nasi Kenya tunayo ya mwaka 2010. Mwathiriwa wa sasa huenda asifungwe mnyororo. Aweza kupita uwanja wa ndege akiwa na pasipoti halali na ahadi ya kazi. Askari aweza kumzuia dalali njiani. Kumhukumu dalali huyo ni kazi ya mahakama, na kumpokea aliyeokolewa, ili asirudi mikononi mwa dalali mwingine, ni wajibu wa jamii nzima.