Mshairi Huyu ni Mtu wa Wapi? Asili, Majina na Ushairi Wetu



Wahenga walituachia methali isemayo, "Mwacha asili ni mtumwa." Nimeifundisha methali hiyo darasani kwa zaidi ya miaka thelathini, nikaieleza kama nilivyoelezwa chuoni: tusidharau kwetu. Sikuwahi kuwaambia wanafunzi kwamba siku moja niliivunja mimi mwenyewe, tena nikamvunjisha mtoto wa mwenzangu.

Ilikuwa katika miaka ya tisini, katika shule moja ya sekondari ya bara. Kijana wa kidato cha tatu, Msukuma kama mimi, aliniletea shairi la tarbia lililokamilika kwa vina na mizani. Tukaamua kulipeleka gazetini. Jina lake lilikuwa la Kisukuma, la babu yake. Nikamshauri aliache, achague lakabu yenye harufu ya mwambao, kwa kuwa niliamini mhariri angelitazama shairi kwa jicho jema zaidi. Alitii. Shairi likachapwa. Alipoliona akafurahi kidogo, kisha akaniuliza, "Mwalimu, sasa hapa nani ametunga?" Nilimjibu kwa mzaha. Leo, katika utulivu wa ustaafu, nataka kumjibu kwa historia.

Nisba na mji

Tuanze mbali. Washairi wa kale wa pwani hawakuwa watu wa kujificha. Katika tendi nyingi, mtungaji alipofika mwisho alijitaja jina na kuwaombea wasomaji wake dua, au kuwaomba wamwombee yeye. Jina hilo mara nyingi lilikuwa na ngazi tatu: la mtu mwenyewe, la baba yake, kisha nisba. Chukua mfano wa malenga mkuu wa Mombasa, Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na nusu ya kwanza ya karne ya 19. "Muyaka" ni jina la mjini kwake. "Bin Haji" lamtaja baba. "Al-Ghassaniy" lavuka bahari hadi katika ukoo wa Bara Arabu.

Lakini yafungue mashairi yenyewe. Humo mna Mvita na majirani zake, majibizano na watu wa Lamu, siasa za akina Mazrui, njaa, mapenzi na maisha ya nyumbani. Lugha ni Kimvita safi. Nisba yamweleza Muyaka alivyounganishwa na wahenga; mashairi yatueleza alikoishi, alikopendea na alikogombania. Yote mawili ni kweli, ila hayajibu swali moja.

Tena nisba haikuwa lazima iwe ya damu. Sheikh Uways al-Barawi, kiongozi mashuhuri wa tarika ya Qadiriyya aliyefariki mwaka 1909, nisba yake ni ya mji wa Barawa tu. Mtu aliweza kubeba nisba ya ukoo, ya mji au ya chuo, na wenyeji wakaelewa bila kuulizana.

Mambo yalibadilika wasomaji wa mbali walipoingia. Wamishenari na wataalamu wa Ulaya walifanya kazi ambayo hatuna budi kuishukuru, kwa maana bila wao miswada mingi ingeliwa na mchwa. Diwani ya Muyaka ilitolewa na William Hichens mwaka 1940, kwa kutegemea kazi ya William Taylor aliyeyaandika mashairi hayo kwa msaada wa mjuzi wa Mombasa, Mwalimu Sikujua. Lakini baadhi ya wataalamu waliosoma majina kama hayo waliyachukua kuwa cheti cha kuzaliwa. Lyndon Harries, katika kitabu chake cha mwaka 1962, na baadaye Jan Knappert, walisisitiza sana mizizi ya Kiarabu na ya Kiislamu ya ushairi wetu, hata mwenyeji akaonekana kama mpangaji katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Ibrahim Noor Shariff alilipinga jambo hilo kwa nguvu katika *Tungo Zetu*, mwaka 1988. Alitukumbusha kwamba hati na msamiati vyaweza kuazimwa, lakini ngoma, nyimbo na majibizano ya watu hayakuja na jahazi.

Kodi, mchele na neno "Mswahili"

Hapa ndipo wanafasihi tunapopaswa kuwasikiliza wanahistoria. Serikali za kikoloni ziliwagawa watu kwa rangi na asili, na kila fungu likawa na haki zake. Kodi, mahakama, shule, kazi na hata chakula vilifuata mafungu hayo. Katika pwani ya Kenya, watu wa miji ya kale ya Mombasa, yaani Thenashara Taifa, walihangaika miaka mingi wasiingizwe katika fungu la chini. Unguja, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mgao wa chakula ulifuata asili: walioandikwa Waarabu na Wahindi walipewa mchele, walioandikwa Waafrika wakapewa mahindi. Kwa mla wali wa vizazi vyote, kuandikwa huku au kule kulikuwa jambo la chungu jikoni.

Si ajabu basi kwamba jina "Mswahili" lilikimbiwa. Katika sensa za Unguja na Pemba, waliojiandikisha kuwa Waswahili walikuwa zaidi ya 30,000 mwaka 1924. Mwaka 1931 walibaki kama 2,000 tu. Watu hawakufa wala hawakuhama. Wengi wao walijiita jina jingine, hasa Washirazi. Jina "Mswahili" lilikuwa limeelemewa na maana ya mtu asiye na ukoo, hasa mwenye asili ya utumwa. Hata leo tunasikia mtu akiambiwa, "Usiniletee Uswahili," na tunacheka bila kuuliza kicheko hicho kilianzia wapi.

Lugha yenyewe iliweka kumbukumbu. Zamani sifa ya mtu aliyeelimika na kulelewa vyema mjini ilikuwa uungwana. Baadaye, katika karne ya 19, enzi ya utawala wa Kiomani, neno ustaarabu lilishika nafasi, nalo katika shina lake lina maana ya kujifanya Mwarabu. Sisi tumelifuta vumbi, tukalitumia kwa adabu na maendeleo ya kila taifa, na si vibaya. Ila mpenzi wa lugha ajue kwamba ndani ya neno hilo zuri mna ngazi ambayo watu walilazimishwa kuipanda.

Kwa hiyo tunaposoma jina la mshairi wa nyakati hizo, tusiwe wepesi wa kumhukumu kuwa alikana kwao. Huenda alijivunia ukoo wake kwa haki. Huenda pia alikuwa akitafuta njia ya kupita katika mlango uliojengwa kuwa mwembamba.

Waliojitaja wenyewe

Wako waliouvuka mlango huo kwa namna zao. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, katika jamaa yenye asili ya utumwa. Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa. Alipohamia mjini na sauti yake ikajulikana, akaitwa Siti, jina la heshima, yaani bibi mtukufu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, akaimba kwa Kiswahili katika taarabu iliyokuwa imezoea Kiarabu. Hapa methali yetu yakwama. Je, aliyeacha jina la Mtumwa aliacha asili? Mimi nasema aliacha dharau. Asili yake aliichukua pamoja na lugha yake, akaipandisha jukwaani.

Aliyeandika wasifu wake ni Shaaban Robert. Naye ni somo peke yake. Alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, kwa wazazi wenye asili ya Kiyao. Yeye alijiona Mswahili. Alikuwa Mwislamu mwenye jina Robert, na kila mwaka nilipata mwanafunzi aliyeapa kwamba mwandishi huyu alikuwa Mkristo. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, akihesabiwa katika fungu la chini la utumishi kwa sababu ya rangi yake. Katika maandishi yake alijitambulisha kwa lugha na kwa maadili, na wasifu wake mwenyewe aliuandika kwa mkono wake. Alikataa wengine wamtangulie kumweleza.

Mtazame pia Kaluta Amri Abedi. Kitabu chake cha mwaka 1954, *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, ndicho kilichotufundisha wengi wetu kuhesabu mizani. Aliyetuandikia sheria hizo hakuzaliwa Mombasa wala Lamu. Alizaliwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma na Mkatoliki. Aliandika historia na mila za Wagogo, akatunga tenzi za Injili na Zaburi, akazikuza ngonjera hadi zikaingia kila shule ya Tanzania. Hakuona haja ya kuchagua kati ya Ugogo na Uswahili. Mwaka 1977, miaka minane baada ya kifo chake, ilitoka *Historia ya Kiswahili* yenye majina mawili jaladani: Shihabuddin Chiraghdin wa Mombasa na Mathias Mnyampala wa Ugogo. Kwangu mimi jalada lile ni hoja tosha.

Bara na pwani: ugomvi uliosimuliwa vibaya

Katika miaka ya sabini ukazuka mjadala wa mashairi huru. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alitoa *Kichomi* mwaka 1974. Mulokozi na Kahigi wakatoa *Malenga wa Bara* mwaka 1976. Hata majina ya vitabu yalikuwa na ujumbe, kwa kuwa *Malenga wa Mvita* cha Ahmad Nassir kilikuwa kimetangulia, na *Malenga wa Mrima* cha Mwinyihatibu Mohamed kikafuata. Kila malenga alisimama na mji wake.

Chuoni tulipenda kuusimulia ugomvi huo kama vita vya bara na pwani: wa pwani wanalinda vina, wa bara wanavibomoa kwa sababu hawavijui. Nimeisikia kauli hiyo kwa walimu wenzangu, na naungama niliirudia. Ni kauli dhaifu. Miongoni mwa watetezi wakali wa vina na mizani alikuwa Saadani Kandoro, mtu wa Kigoma. Na Mulokozi aliyeandika mashairi huru ndiye baadaye aliyehariri barua za Shaaban Robert kwa uangalifu mkubwa. Waligombana kuhusu sanaa: shairi ni nini, na uhuru wake unaishia wapi. Sisi wasomaji tulipouelekeza ugomvi huo kwenye asili zao, tulijiondolea kazi ya kuzisoma hoja.

Hata hivyo, haki itendeke pande zote. Wako ndugu zetu wa pwani, hasa Kenya, wanaosema: lugha yetu imekuwa ya wote, nasi wenyewe tumeambiwa kwamba kabila letu halipo. Alamin Mazrui na Shariff waliliandikia jambo hilo kitabu kizima mwaka 1994. Malalamiko yao ni ya kweli. Kumkaribisha mgeni hakumnyimi mwenyeji haki ya kuitwa mwenyeji. Mtu wa bara atungaye kwa Kiswahili ana deni kwa Lamu, Pate, Mombasa na Unguja, na deni hulipwa kwa kusoma na kutaja. Halilipwi kwa kujibadili jina.

Jibu nililochelewa kulitoa

Nikirudi kwa mwanafunzi wangu, naona makosa yangu yalikuwa mawili. Kwanza, nilidhani ushairi una jina la asili moja, ilhali sheria za vina nilizomfundisha nilizipata kwa mtu wa Ujiji. Pili, nilimfundisha kuogopa kabla hajakataliwa. Hakuna mhariri aliyeniambia kwamba hataki jina la Kisukuma. Mlango ule nilimfungia mimi. Pengine ndivyo ngazi za zamani zinavyodumu: aliyezijenga ameondoka, na sisi tunaendelea kuzipanda.

Kwa walimu wenzangu mlio kazini nina ombi moja. Mnapomfundisha mshairi, waelezeni wanafunzi alikozaliwa, aliitwaje, na alijiitaje, kisha waulizeni kwa nini majina hayo yakatofautiana. Swali hilo litawafikisha kwenye kodi, kwenye mgao wa mchele, kwenye Fumba na Vibambani. Kisha warudisheni kwenye beti, kwa kuwa ndiko mshairi alikotaka wafike.

Kijana yule sasa ni mtu mzima, na nimesikia bado anatunga. Akiyasoma haya, namwomba radhi. Swali lake, "nani ametunga?", lina jibu fupi: ni yeye, kwa jina la babu yake, na shairi lile ni la Kiswahili. Kama bado analo, alirudishie jina lake.